Kuhakiki anime za msimu ukiwa Mwanza: daftari, bando na sikio la bibi

Jirani yangu wa Igoma anauza dagaa. Jioni moja alinikuta nimeinamia simu na daftari, akaniuliza, "Mwanangu, hizo katuni zinakulipa?" Nikamjibu, "Hazinilipi, mama. Naziandikia watu wajue ipi ya kuangalia, wasiunguze bando bure." Akatikisa kichwa kwa heshima. Bando analijua.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuhakiki anime, yaani katuni za Kijapani. Kuna mtu pale Nyegezi ana GB 1 ya wikendi na hamu ya kisa kizuri. Uhakiki wako umsaidie kuamua. Ukimfundisha na jambo jipya, ni nyongeza kama ndimu kwenye sato.

Hatua ya 1: ijue kalenda

Mtaani kwetu "sizoni" ni tamthilia yoyote yenye episodi nyingi, ya Kikorea, ya Kituruki, yoyote ile. Kwa Wajapani msimu wa anime ni robo ya mwaka, inayoanza Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Robo hiyo huibeba hadithi ya episodi 10 hadi 13. Kila episodi inajaza nusu saa ya televisheni, ila ukitoa matangazo zinabaki dakika kama 24. Wimbo wa kufungulia unachukua sekunde 90, wa kufungia 90 nyingine, hivyo hadithi yenyewe inabaki na dakika 21 tu. Zidisha kwa episodi 12 upate dakika 250 hivi, sawa na kukaa kwenye basi kutoka Mwanza hadi Musoma. Kabla hujalalamika kwamba mwandishi hakueleza kila kitu kuhusu ule ufalme, kumbuka alipewa safari ya Musoma, hakupewa ya Dar es Salaam.

Japani wako mbele yetu kwa saa 6. Anime nyingi za vijana na watu wazima hurushwa kwao usiku wa manane, na ratiba zao zina mchezo wa ajabu: saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi wanaiandika "Ijumaa 25:00", kana kwamba siku haijaisha mpaka watu walale. Wageni hubabaika hapo. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri hatuna haja ya kushangaa. Hiyo 25:00 ya Ijumaa kwao ni saa 1 jioni ya Ijumaa hapa, daladala zikiwa bado zimejaa. Kama huduma unayolipia inatoa episodi muda mfupi baada ya televisheni ya kwao, utaiona kabla ya chakula cha usiku.

Kila msimu huleta makumi ya anime mpya. Chagua 4. Nilipoanza nilichukua 11, nikawa naandika kuhusu watu ambao hata majina yao nilishayachanganya.

Hatua ya 2: bando na umeme

Pakua usiku kama kifurushi chako ni cha usiku, shusha ubora wa picha kwa mara ya kwanza, pandisha kwa mara ya pili. Simu iwe na chaji kabla ya saa 12 jioni. Sina zaidi.

Hatua ya 3: angalia mara mbili, kalamu mara moja

Mara ya kwanza weka kalamu mbali. Kaa kama mtu aliyelipa kiingilio banda umiza. Ukicheka, cheka. Ukiboreka, jiruhusu kuboreka, ila kumbuka ni wapi.

Banda umiza ndilo lililonifundisha uhakiki kuliko kitu kingine. Pale huhitaji kumuuliza mtu kama muvi ni nzuri. Unaangalia benchi. Watu wakianza kutoa simu mfukoni, mwandishi amewapoteza. Wakinyamaza wote, hata yule muuza karanga akasimama mlangoni na sinia lake, hapo kuna kitu. Sasa unaangalia peke yako kwa simu, kwa hiyo benchi lazima uwe wewe.

Mara ya pili fungua daftari. Andika dakika, kilichotokea, na ulichohisi, kwa mistari mifupi: "14:20, mwalimu anafunga mlango, sauti yote inakatika, niliogopa kabla sijajua kwa nini." Mstari kama huo ni dhahabu, kwa sababu baadaye utarudi kuuliza: kwa nini niliogopa? Utagundua muziki ulizimwa sekunde 3 kabla ya mlango kugusa fremu. Hapo una sentensi ya uhakiki ambayo hakuna mwingine anayo.

Hatua ya 4: usihukumu kabla ya episodi ya 3

Mashabiki wa anime wana desturi ya kuipa hadithi episodi 3 kabla ya kuiacha. Wengi wakieleza sababu hutaja Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011. Ilianza Januari ikiwa na rangi za pipi na wasichana wenye magauni ya kumeremeta, na episodi ya 3 ikawavua watazamaji kofia. Sitasema zaidi.

Desturi hiyo nzuri, lakini isiwe sheria ya msumeno. Anime ya njozi iitwayo Frieren ilipoanza tarehe 29 Septemba 2023, episodi 4 za kwanza zilirushwa kwa mpigo kama filamu ya saa 2, maana yake watengenezaji wenyewe walikuambia mlango wa nyumba yao uko wapi. Ukiishia ya 3 umeishia kibarazani. Nyingine zinajieleza zote ndani ya dakika 10 za kwanza, na hizo 2 zilizobaki unajitesa tu.

Mimi nilishateleza hapa. Kuna anime moja ya roboti niliipa sifa zote baada ya episodi ya kwanza. Nikaandika kwamba ni bora ya mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa bado Januari. Kufikia ya 6 steringi alikuwa amefufuka mara 2 na hakuna aliyeshangaa, hata mama yake. Vijana wa kijiweni Mabatini walinisalimia "bora ya mwaka" mpaka Pasaka.

Hatua ya 5: jua nani amefanya nini

Watu huandika "studio imeharibu", kana kwamba studio ni mtu mmoja. Anime nyingi hulipiwa na kamati ya kampuni kadhaa: mchapishaji wa kitabu au manga (hadithi za Kijapani za michoro), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, ya vinyago. Studio mara nyingi hupokea ada ya kazi, na faida inabaki kwa wenye hisa kwenye kamati. Kwa hiyo hadithi ikikatika katikati, huenda ni kwa sababu lengo lilikuwa watu wakanunue vitabu, na lengo hilo limetimia.

Soma majina ya mwanzoni na mwishoni. Yatafute manne: mwandishi wa asili, mwongozaji, mpangaji wa hadithi (anayeamua kitabu kikatwe vipi kwenda episodi), na mtunzi wa muziki. Ukipenda mpangilio, msifu mpangaji. Ukichukia mwisho, uliza kwanza kama kitabu chenyewe kimeisha.

Kosa jingine la kila siku: "shonen" si aina ya hadithi. Ni kundi la wasomaji, wavulana, linalotokana na majarida kama Weekly Shonen Jump lililoanza 1968. Ndani ya shonen kuna mapenzi, kuna mpira, kuna mapishi. Ukiandika "ni shonen, kwa hiyo ni ngumi" umeshajikwaa.

Na ratiba ikichelewa, tafuta sababu kabla ya kutukana. Episodi 2 za mwisho za hiyo Madoka zilisogezwa hadi Aprili kwa sababu ya tetemeko la ardhi na tsunami la tarehe 11 Machi 2011. Watu walikuwa wanazika.

Hatua ya 6: michoro, kwa ufupi lakini kwa haki

"Picha zinakwama" ndiyo lawama ya kwanza ya mgeni. Sekunde moja ya video ina fremu 24, yaani picha tuli zinazofuatana, ila anime mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu 3, hivyo macho yako yanapewa michoro 8. Ni njia ya kubana kazi iliyozoeleka tangu Tetsuwan Atom ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa kila wiki kuanzia tarehe 1 Januari 1963: mdomo unatembea, mwili umetulia, michoro ya zamani inatumika tena. Kwa hiyo usiulize kama wamebana. Wamebana. Uliza nguvu waliyoiokoa wameimwaga wapi. Episodi ambayo watu wanaongea wametulia kwa dakika 15, kisha msichana anakimbia mvuani kwa sekunde 20 na kila tone lina uzito wake, imefanya hesabu nzuri. Ile iliyotulia mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye pigano ililolitangaza tangu wiki 3 zilizopita, hiyo iseme waziwazi.

Hatua ya 7: tafuta sikio la bibi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, na ndipo wahakiki wengi wanapopita mbio.

Waliokulia Usukumani wanamjua Shing'weng'we, lile dubwana lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akawa anawinda, na kila alichokipata anamletea mama: "Ndiye huyu aliyemmeza baba?" Panzi. "Siye." Ndege. "Siye." Kila babu ana orodha yake ya wanyama. Mwishowe analikuta dubwana lenyewe, analiua, analipasua tumbo, watu na ng'ombe wanatoka wakiwa hai.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, kwa vigelegele. Hii haiishii. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni. Bibi akatoka na hasira. Hakutaka kusikia habari za kuokolewa, alitaka sikio lake, akataka kumroga kijana. Shujaa aliyelishinda dubwana ikabidi atafute dawa ya sikio.

Nikiwa mdogo niliona bibi yule hana shukrani. Sasa namwona ndiye aliyeibeba hadithi. Ndiye anayethibitisha kwamba ndani ya tumbo mlikuwa na watu, kila mmoja na mwili wake, si umati wa kuhesabia ushindi. Kwa hiyo kila nikihakiki hadithi ya njozi nauliza: sikio liko wapi? Ushindi huu umemgharimu nani? Na huyo aliyegharimika anapewa nafasi ya kusema?

Chukua isekai, yaani hadithi za "dunia nyingine". Steringi anagongwa na lori (huku kwetu ingekuwa bodaboda), anafumbua macho kwenye nchi ya mazimwi, na kabla ya jua kuzama ana nguvu kuliko wote. Nguvu kubwa pekee haina kosa. Masala Kulangwa naye alikuwa na nguvu. Kasoro ni pale anapochoma mji mzima ili kumpata adui mmoja, na episodi inayofuata watu wa mji wanampikia karamu. Hakuna hata bibi mmoja aliyekatwa sikio. Andika hivyo.

Halafu weka Frieren pembeni. Yule ni elfi, kiumbe wa njozi mwenye umri mrefu, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000. Hadithi inaanza baada ya ushindi, dubwana likiwa limeshakufa. Miaka 10 ya safari na wenzake kwake ni kama wikendi, na anakuja kugundua kwenye mazishi ya mmoja wao kwamba hakumjua. Sikio la hadithi hiyo ni muda. Linauma episodi zote 28 za awamu ya kwanza.

Njia ya kulipima jambo hili daftarini: chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila sheria ambayo dunia hiyo imejiwekea: uchawi unachosha, mlango unafunguka mwezi mpevu tu, safari ya kwenda mji mkuu ni siku 3. Kulia andika kila sheria inapofuatwa au kuvunjwa. Hata jiografia ihesabu. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema alipanga hata harusi yake kwa kufuata kivuko. Umbali ulikuwa na amri juu ya maisha ya watu. Kama kwenye episodi ya 2 safari ilikuwa siku 3 na njiani watu walikufa, halafu kwenye ya 7 steringi anaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana bila farasi mpya wala maelezo, dunia hiyo imekuwa karatasi.

Hatua ya 8: kwenye sayansi, tofautisha kosa na ruhusa

Hadithi ya kisayansi ina ruhusa ya kubuni kitu kimoja au viwili, kwa mfano chombo kinachozidi kasi ya mwanga. Mpe mwandishi ruhusa hiyo. Ila vile ambavyo hakuvibuni vibaki kama vilivyo. Mawimbi ya redio kutoka Mirihi hadi hapa huchukua dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje. Rubani wa Mirihi akibishana na mkewe aliye duniani papo kwa papo, bila hadithi kutaja teknolojia yoyote mpya, ni kosa. Kama mwandishi angeuacha ule ukimya wa dakika 20 kati ya "unanipenda?" na jibu, angepata episodi nzima ya bure. Hilo ndilo la kuandika, kwamba alikuwa na mali mkononi akaitupa. Mlio wa mabomu angani, ambako hakuna hewa ya kubeba sauti, usiukamie sana.

Hatua ya 9: sikiliza kinachopotea kwenye maandishi ya chini

Wengi wetu tunasoma maandishi ya chini ya Kiingereza, na Kiingereza hakina shikamoo. Kijapani kina ngazi za heshima kwenye majina, -san, -kun, -sama, na hata kitenzi hubadilika kufuatana na unayeongea naye. Kijana anapomwita mkubwa wake kwa jina tupu, maandishi ya Kiingereza mara nyingi yanapita kimya. Wewe uliyelelewa nyumba ambayo kupita mbele ya mzee bila shikamoo ni kesi, ukisikia ile -san imedondoka utajua kwamba meza imepinduliwa. Sikiliza sauti hata kama huelewi maneno. Mhakiki wa Kiswahili ana faida hapa, aitumie.

Kisha kuna maneno ya kuchagua. "Joka" linatosha bila maelezo. "Zimwi" linatosha mara nyingi. "Elfi" ulinde na simu yako, maana simu yangu ilipenda kumgeuza Frieren kuwa "elfu", na kwa umri wake si uongo mkubwa.

Neno "mchawi" ndilo ninalolishika kwa uangalifu. Huku Usukumani bibi wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameuawa kwa neno hilo. Siliandiki kwa wepesi juu ya msichana mwenye fimbo anayekuza maua. Kwa huyo hutumia "mwanamizungu", kutoka neno la zamani mizungu, maarifa ya siri na maajabu. "Mchawi" nalibakiza kwa anayedhuru.

Hatua ya 10: sasa andika

Usianze na muhtasari. Anza na kile ulichokihisi kwa nguvu, kisha ueleze kimetengenezwaje. Linganisha:

"Anime hii inahusu kijana anayeitwa fulani anayeishi kijijini na siku moja anapata upanga. Michoro mizuri, muziki mzuri, nawashauri muiangalie."

"Upanga anaupata dakika ya 4, lakini anaogopa kuutoa alani hadi episodi ya 3, na kila mara mkono unapousogelea tunasikia kikohozi cha baba yake aliyekufa. Nilitaka autoe. Nikataka pia asiutoe kamwe."

La kwanza lingeweza kuandikwa na mtu aliyesoma jalada tu. La pili limeandikwa na mtu aliyeangalia.

Kuhusu siri za hadithi, usimwage mchele kwenye kuku wengi. Mpaka wangu ni huu: yaliyotokea ndani ya nusu ya kwanza ya episodi ya 1 ni ya wote. Yanayofuata nasema hisia bila tukio, na kama lazima nilitaje tukio, naonya aya nzima kabla. Kifo cha steringi usikitaje hata kwa fumbo, kwa sababu Watanzania wote tunaamini steringi hafi, na ukianza tu kusema "jiandaeni" umeshasema yote.

Alama za 7.5 na 8.2 niliziacha. Hakuna aliyewahi kunieleza tofauti yake. Natumia tatu: "nunua bando", "subiri mtu akuwekee kwenye flashi", na "acha ipite". Mtu wa Pasiansi anaelewa bila maelezo, na zinanilazimisha kukata shauri. Ukijikuta unatamani ya nne, ya katikati kabisa, rudi kwenye daftari, kuna kitu hujakiangalia.

Urefu: maneno 400 kwa episodi za mwanzo, 800 kwa hadithi iliyokwisha. Soma kwa sauti kabla ya kutuma. Mimi humsomea yule jirani wa dagaa. Akiuliza "kisha?" aya inabaki. Akianza kupepeta dagaa, naifuta.

Hatua ya 11: msimu ukiisha, rudi ulipoanzia

Wiki ya mwisho ya msimu fungua ulichoandika baada ya episodi ya 3 na uandike chini yake ulipokosea na ulipopatia, mbele ya wasomaji. Mstari mmoja kwa kila anime unatosha: "Nilisema mwalimu ndiye adui. Hakuwa adui. Nilidanganywa na ule mlango, na nilistahili." Wasomaji huniamini zaidi kwa mistari hiyo kuliko kwa sifa zote ninazozimwaga.

Ila fanya haraka. Msimu wa vuli kwao unafungwa mwisho wa Desemba, na wa Januari unaanza siku chache tu baada ya pilau la mwaka mpya, bando lenyewe likiwa bado halijapona sikukuu.